Pikapu Imependeza, Sasa Inalia: Kutafuta Chanzo cha Matatizo Baada ya Kufunga Urembo

Gari likitoka kwa fundi na ngao mpya mbele, taa ndefu ya LED juu ya paa, rimu nyeusi na plastiki za fenda, siku za mwanzo huwa za kupiga picha tu. Malalamiko huja baadaye. Betri haiamki asubuhi, usukani unatetemeka, kuna mluzi usiojulikana unakotoka. Hapo mwenye gari huanza kutafuta mbali: ananunua betri nyingine, anafungua beringi, anamlaumu aliyemuuzia gari. Anza karibu. Kama tatizo halikuwapo kabla ya urembo, mtuhumiwa wa kwanza ni kitu cha mwisho kilichofungwa. Na mara nyingi kitu chenyewe ni kizima, kibovu ni ufungaji: waya ulivyoungwa, tundu lilivyotobolewa, bodi lilivyosafishwa kabla ya kubandika gundi.

Andika orodha ya vitu vyote vilivyoongezwa, kuanzia cha mwisho kurudi nyuma. Kisha toa au kata kimoja, endesha gari, ndipo uguse kingine. Ukitoa vitatu kwa mpigo na tatizo likaisha, bado hujajua kitu. Mifano mingi hapa ni ya Hilux na Ranger kwa kuwa ndizo zinazovalishwa sana barabarani kwetu, lakini mwenye D-Max au L200 atajikuta humuhumu.

Betri inakufa gari likilala

Hapa usianze na betri. Anza na taa za miguuni, taa za chini ya bodi, kamera ya nyuma, king'amuzi cha wizi na swichi yoyote yenye kitaa kinachowaka muda wote. Kosa la kawaida ni vitu hivi kuungwa moja kwa moja kwenye waya wa moto usiokatika, badala ya waya unaopata umeme funguo ikiwashwa tu.

Kupima si kazi ngumu. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Fungua kichwa cha hasi cha betri, weka mita ya umeme katikati ya kichwa hicho na betri, kwenye kipimo cha ampea. Usiwashe gari wala taa mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Kuunganisha upya huwa kunaziamsha kompyuta, kwa hiyo subiri tena namba itulie. Gari zima kwa kawaida husoma chini ya miliampea 50. Ukiona ampea moja nzima, piga hesabu: kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni kama saa 60, yaani ampea-saa 60 zimemezwa kwenye betri ya 70. Hakuna betri itakayovumilia hilo kila wiki.

Mita ikiwa bado imeunganishwa, chomoa fyuzi za vitu vilivyoongezwa, moja baada ya nyingine, huku mwenzako akitazama namba. Ikishuka ghafla, umempata. Kama vitu hivyo havina fyuzi zake kabisa, umepata tatizo la pili kabla hujamaliza la kwanza.

Taa ndefu inafifia, fyuzi inaungua, waya unapata joto

Fungua boneti utazame waya wa taa unapita wapi. Picha ninayoikuta mara nyingi ni hii: waya mwembamba umechunwa katikati, umesokotwa juu ya waya wa taa kubwa za kiwandani, kisha umezungushiwa tepu nyeusi. Joto la injini limeiyeyusha gundi ya tepu, inanata vidoleni, na tepu imeanza kujifungua. Chini yake shaba imegeuka kijani. Hapo huhitaji mita kuambiwa kitu.

Hesabu yake ni nyepesi. Taa ya wati 180 kwenye umeme wa volti 12 inavuta ampea 15. Swichi ndogo ya kwenye dashibodi haikutengenezwa kubeba mzigo huo, wala waya wa taa za kiwandani haukuhesabiwa kubeba taa mbili. Ndiyo maana kuna relei, swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Relei ya kawaida ina miguu minne yenye namba, na namba hizo ni zilezile kila uendako: 30 inapokea moto kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inaupeleka kwenye taa, 85 na 86 ni za koili, mmoja unakwenda ethi, yaani kwenye hasi, na mwingine unatoka kwenye swichi. Swichi inabaki na kazi ya kuamsha koili tu, kwa umeme mdogo sana. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, si karibu na taa, kwa sababu inalinda waya. Kipande chochote cha waya kilichotangulia fyuzi hakina mlinzi. Kwa mzigo wa ampea 15, fyuzi ya 20 inatosha, mradi waya wenyewe una unene wa kubeba hizo 20. Anayekushauri uweke ya 40 kwa sababu "hii inaungua sana" anakushauri uunguze gari.

Kama relei ipo na taa bado inafifia, pima volti ikiwa inawaka na injini inanguruma. Kwenye betri utaona kama 14, kisha pima kwenye plagi ya taa yenyewe. Pengo likizidi nusu volti, umeme unapotea njiani, na mara nyingi unapotelea upande wa ethi. Ngao nyingi zimepakwa rangi nene ya unga, na rangi hiyo haipitishi umeme. Fundi akibana waya wa ethi juu ya rangi, taa itawaka leo na kutapatapa kesho. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, bana, kisha paka grisi au rangi juu yake kuzuia kutu. Vizuri zaidi, vuta waya wa ethi hadi kwenye hasi ya betri.

Redio kukoroma taa ikiwashwa ni jambo jingine. Kifaa cha ndani kinachoendesha LED za bei ya chini hutoa mawimbi yanayoingilia FM. Sogeza waya wa taa mbali na waya wa antena, vika kipande cha feraiti (pete nyeusi ya kuzuia mawimbi) kwenye waya karibu na taa. Isipokoma, badilisha taa.

Indiketa zinawaka harakaharaka

Umeweka taa za nyuma za LED. Balbu ya kiwandani ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, LED inavuta sehemu ndogo tu ya hiyo, gari linadhani balbu imeungua na linakuarifu kwa njia pekee linayoijua. Kwenye pikapu za zamani zenye flasha ya kuchomoa, kile kidude kinachowasha na kuzima indiketa, weka flasha ya LED na kazi imeisha. Kwenye mpya, ambazo indiketa zinaendeshwa na kompyuta, huwa inabidi kuweka rezista ya omu 6 kila upande. Rezista hiyo inatoa joto la wati 24 kila inapowaka, kwa hiyo ifungwe kwa skrubu kwenye chuma cha bodi. Nimeziona zimefungwa kwa kamba ya plastiki kwenye shada la nyaya, na shada limeiva.

Usukani unatetemeka ukifika mwendo wa 80 au 100

Watu wengi hukimbilia balansi. Sawa, fanya balansi kwanza, ni rahisi. Ukirudi na mtetemo uleule, fungua rimu utazame tundu lake la katikati.

Hilux, Ranger na D-Max zote zina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7, na muuzaji wa rimu za mtumba, awe Shauri Moyo au Kirinyaga Road, atakwambia zinaingiliana. Bolti zinaingiliana, tundu la katikati hapana. Habu ya Hilux, yaani kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo, ina kipenyo cha milimita 106.1, ya Ranger 93.1. Rimu ya Ranger haitaingia kabisa kwenye Hilux. Rimu ya Hilux itaingia kwenye Ranger ikiwa na uwazi wa milimita 13, imening'inia kwenye nati tu, na haitakaa katikati sawasawa. Dawa ni pete ya habu, 106.1 nje na 93.1 ndani, ya alumini kama unapita njia mbovu. Balansi haitibu hili, kwa sababu ile mashine inaikamata rimu katikati kwa namna gari lako lisivyoikamata.

Kisha nati. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye washa bapa. Rimu nyingi za urembo zina matundu ya mteremko yanayotaka nati yenye kichwa cha koni ya nyuzi 60. Ukifunga nati za zamani kwenye rimu mpya, zinagusa ukingo tu. Zinalegea, mtetemo unakuja, na ukiendelea kupuuza matundu ya rimu yanakuwa mayai. Fungua nati moja uangalie inapoacha alama: duara kamili linalong'aa ni dalili njema, kialama cha upande mmoja ni hatari. Kwa rimu yoyote mpya, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa spana ya kipimo na kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si kwa kupanda juu ya spana.

Spesa, vile vipande vya chuma vya kusogeza rimu nje, sizipendi, niseme wazi. Zinapanua gari na linapendeza, lakini zinaongeza kiungo kati ya rimu na habu. Kama umeshaziweka, ziwe zenye ukingo unaokaa kwenye habu. Zile nyembamba zisizo na bolti zake zinakula urefu wa bolti za gari. Hesabu mizunguko ya nati: kwa bolti za M12 zenye hatua ya milimita 1.5, mizunguko minane kamili ndiyo inayokupa milimita 12 za uzi. Ikipungua, toa spesa leo.

Tairi linakwaruza

Liulize gari linakwaruza lini. Ukikata kona hadi mwisho? Ukirudi nyuma huku umekata? Ukipita tuta na mzigo? Kila jibu lina mahali pake. Kona mpaka mwisho ukienda mbele, tazama plastiki ya ndani ya fenda na pembe ya bampa. Ukirudi nyuma, tazama upande wa nyuma wa tao, pale bodi linapokaa kwenye chasisi, na madigadi. Tuta na mzigo, tazama juu. Paka chaki nene sehemu unazoshuku, zungusha usukani mwisho kwa mwisho kwenye mwendo wa taratibu, kisha angalia chaki imefutika wapi.

Chanzo kinaweza kuwa ukubwa wa tairi, lakini mara nyingine ni rimu. Angalia namba ya ET nyuma ya rimu, yaani milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaogusa habu. Hilux nyingi za tangu 2005 zilitoka na rimu ya karibu ET30. Ukiweka ET0, tairi limesogea nje milimita 30, na linapokata kona linachora duara kubwa kuliko lililopangwa. Hapo utapunguza ukubwa wa tairi bure wakati kosa ni la rimu. Kusogea huko ndiko pia kunakorusha tope milangoni na kuchosha beringi.

Mkwaruzo mdogo wa plastiki unatibika kwa bunduki ya joto: pasha plastiki ya ndani, isukume nyuma, ishikilie hadi ipoe. Mkwaruzo kwenye chuma cha chasisi usitibiwe kwa gurudumu la kukatia na fundi wa pembeni ya barabara. Rudisha tairi dogo.

Na ukishabadilisha ukubwa, spidomita inadanganya. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776, la 285/70R17 lina 831. Ni ongezeko la asilimia 7, kwa hiyo mshale ukisema 50 unaweza kuwa unakwenda 53 au 54. Askari mwenye tochi ya kupima mwendo kwenye kibao cha 50 hasomi dashibodi yako.

Mluzi kwenye mwendo kasi

Kuutafuta mluzi kwa masikio ni kujichosha, kwani sauti ya upepo inaruka kutoka paa hadi kioo cha pembeni. Chukua tepu ya karatasi ya wapaka rangi, ziba upenyo wa kitu kimoja, endesha kwenye kipande kilekile cha barabara na mwendo uleule. Bado? Toa, ziba kingine. Taa ndefu ya paani ndiyo mwenyeji wa kawaida, hasa yenye mapezi ya kupozea upande wa nyuma. Badili mwelekeo wake nyuzi chache, au vika ukanda wa mpira juu yake ili kuvunja mkondo wa upepo. Vinavyofuata ni vizuia mvua vya madirishani vilivyoachia ncha. Ukiwa hapo juu, tikisa miguu ya taa, maana ikilegea itakuja kukwangua rangi ya paa.

Vitu vya gundi vinabanduka

Plastiki za fenda, herufi za kwenye boneti, vizuia mvua: vyote hushikwa na tepu ya pande mbili. Kosa liko kwenye usafi. Gari limeoshwa kwa shampuu yenye nta au limepakwa silikoni ya kung'arisha, kisha fundi anafuta kwa kitambaa kikavu na kubandika. Tepu imeshika nta, haikushika rangi. Futa kwa spiriti ya aisopropili, kitambaa safi, acha ikauke, bandika kivulini na siyo kwenye bodi lililochomwa na jua la mchana, kisha bonyeza kwa nguvu kila sehemu. Tepu nzuri za akriliki hufikia nusu ya nguvu yake ndani ya dakika 20, karibu yote kwa siku moja, na kamili baada ya saa 72. Anayekubandikia asubuhi na kukuoshea gari kwa mashine ya presha mchana anakuharibia kazi yake mwenyewe.

Bampa za plastiki ni kesi ya pekee. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi huikataa gundi, na inahitaji praima ya kubandikia kabla ya tepu. Kilichokwisha banduka usikirudishe kwa gundi ya haraka: haina mnyumbuko, itapasuka kwa mtikisiko na kuacha kovu. Kwangua tepu yote ya zamani, anza upya.

Kutu inachungulia pembeni ya urembo

Kwa walioko Kigamboni, Tanga au Mombasa, hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Kila skrubu iliyopita kwenye fenda imetoboa rangi na kinga iliyo chini yake. Nyuma ya plastiki panakusanyika tope na chumvi, hapakauki. Ukiona mchirizi wa kahawia chini ya plastiki, itoe yote. Kwangua kutu hadi chuma, paka praima ya zinki, rangi, kisha rudisha kwa skrubu zenye washa za mpira, na ukanda wa mpira pale plastiki inapogusana na rangi. Fundi mzuri hupaka praima kwenye tundu kabla ya kuingiza skrubu. Msimamie.

Vikanyagio na rolubaa (vyuma vya tao kwenye bodi la nyuma) vya "stenlesi" vinavyopata madoa ya kahawia si lazima viwe bandia. Stenlesi ya daraja la 201 hupata kutu ya juujuu pwani haraka kuliko ya 304, na sumaku haitakusaidia kuzitofautisha dukani. Osha kwa maji yasiyo ya chumvi mara kwa mara, ng'arisha, au kubali. Vifuniko vya kromu vya vitasa na taa ni vya plastiki. Vikianza kumenyuka havina dawa.

Joto la injini linapanda, eisi imelegea

Tazama uso wa gari. Taa mbili kubwa za duara, kibao cha namba kilichopandishwa, neti mpya yenye matundu madogo: vyote vimesimama mbele ya kondensa ya eisi (kipozeo cha kiyoyozi) na rejeta nyuma yake. Barabara tambarare hutaona kitu. Utaona ukipanda mlima mkali kama Kitonga na mzigo. Toa taa, safisha tope lililoganda kwenye kondensa, rudia njia ileile. Joto likitulia, hamishia taa juu ya bampa au pembeni. Lisipotulia, tatizo si urembo na unahitaji fundi wa injini.

Kwenye pikapu mpya kuna jambo la ziada: sensa za kuegesha zinazopiga kelele bila kitu mbele zinaiona ngao. Onyo la mfumo wa kuzuia ajali likiwaka baada ya kubadili neti au nembo, rudisha ya kiwandani kwanza. Kwenye baadhi ya Toyota rada imejificha nyuma ya nembo, na nembo hiyo imetengenezwa ili mawimbi yapite. Ya kromu ya dukani au rangi yenye chembe za chuma inaizibia.

Maji ndani ya bodi, na maji kwenye snokeli

Kifuniko cha bodi la nyuma kikivuja, usikimbilie silikoni. Kwanza pitisha maji kwenye mirija ya kutolea maji ya pembeni mwa fremu, mara nyingi imeziba kwa vumbi na majani. Kisha kaza vibanio, maana hulegea kwa mtikisiko. Yanayobaki huingia kwenye pengo la mlango wa nyuma, ambao kiwandani haukufungwa kuzuia maji, na ukanda wa mpira utayapunguza bila kuyamaliza.

Snokeli nyingi, yaani mabomba yanayopandisha mdomo wa hewa ya injini hadi usawa wa paa, zinafungwa kwa urembo tu, na hilo si kosa hadi mwenye gari asahau na kuyaingia maji ya mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam. Ijaribu kabla ya masika. Injini ikiwa inanguruma taratibu, ziba kichwa cha snokeli kwa kibao bapa kwa sekunde chache. Injini inatakiwa ilemewe na kuelekea kuzima, hapo hapo ondoa kibao. Isipobadilika hata kidogo, inavuta hewa kwingine: maungio ya ndani ya fenda hayakubanwa, au boksi la ea klina bado linapumua kupitia tundu lake la zamani. Yabane kwa klampu na gundi ya kuziba, kisha jaribu tena. Angalia pia valvu ndogo ya mpira chini ya boksi hilo, ya kutolea maji. Ikiwa imepotea au imepasuka, maji yatapanda humo hata snokeli ikiwa imefungwa vizuri. Na kama gari limeshazimika majini, usijaribu kuliwasha. Livutwe, ea klina ifunguliwe, na ikikutwa imelowa fundi atoe maji kwenye silinda kabla funguo haijaguswa.